Alimpisha Mama Mkwe, Wakamwita Msaliti

Ulikuwa mwaka wa michembe. Michembe asubuhi, michembe jioni, viazi vikavu vya kuchemsha, hadi watoto wanalia wakiona chungu. Mwingereza bado anatutawala, na mimi Marita nina miaka ishirini na mitatu, mke wa Yohana, hapa hapa Puge. Leo nina wajukuu na vitukuu, tena wazuri! Shule niliionja tu, nivumilieni.

Mwaka huo tulichagua mtu wa baraza. Karatasi hakuna. Unasimama nyuma ya mtu wako, matarishi wa Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya, wanahesabu vichwa. Huku mtu wa Mtemi, huku mtu wa chama chetu, aliyeletwa kutoka Tabora mjini. Sisi wakulima tulimtaka kaka yangu Mihayo, mwenyekiti wa tawi. Wa mjini wakakataa. Tukanyamaza, tukapanga mstari... lakini moyoni?

Yohana alisimama mstarini tangu asubuhi. Karibu na kuhesabu, akina mama wakamleta mama yangu mzazi, wakamsukumiza mbele yake, mgongo kwa kifua. Jamani! Kwetu mwanaume akikutana na mama mkwe njiani huingia porini ampishe. Yohana akatoka, akazunguka aende mkiani. Matarishi wakamzuia. Hesabu imeshaanza.

Tukashindwa kwa mtu mmoja.

Mmoja! Angehesabiwa, tungelingana, ingerudiwa.

Wa mjini wakasema wakulima tumenunuliwa na Mtemi. Wakulima wakasema wa mjini walitaka tushindwe, wapate kulifunga tawi letu. Watu waliobatizwa pamoja wakawa hawanywi togwa ya jirani mpaka mwenyewe aonje kwanza. Ukicheka, mtu anauliza unacheka nini. Hata mimi... nilimtazama mume wangu akila, nikajiuliza: kweli alimkimbia mama tu?

Ndipo katibu wa mjini akaja na baiskeli yake kutoka Cheyo, huko Tabora mjini, akakaa na kaka nyumbani kwangu. Walishapatana. Atafutwe mwenye kosa mmoja, pande zote zimtupie yeye lawama, na kaka abaki na kiti chake. Mimi niseme mkutanoni kwamba nilimwona Yohana akipokea mbuzi wa Mtemi. Nikawajibu nitakuja, na nitasema kweli.

Yohana akawakuta mlangoni wakiniaga kwa mkono. Hakuuliza kitu. Alisema tu, "Wewe ni damu yao, Marita. Mimi nilioa tu."

Mkutanoni nikasimama, nikaeleza habari ya mkwe. Katibu akasema, "Kwani huyo mama mkwe ana ndui, mpaka akimbiwe?" Wa mjini wakacheka. Na wakulima, wanaoijua mila kama wanavyojua jembe, nao wakacheka... Hilo ndilo lililoniuma.

Kaka hakunitazama. "Mdogo wangu, sema mbuzi, yaishe."

Nikamjibu, "Sikuona mbuzi, na sitasema niliona."

Nikakimbia nyumbani nimweleze mume wangu. Nyumba tupu! Jirani akasema amepanda lori la pamba, kaenda Igunga. Nilimfuata. Hakutoka ndani. Aliamini nimeshamuuza, na nani angemwambia vingine? Huko huko alioa, huko huko akazikwa.

Na chama? Tawi likapasuka vipande viwili, kila kipande na bendera yake, wakizomeana sokoni. Uchaguzi uliofuata, mtu wa Mtemi hakupata hata wa kushindana naye. Hiyo ndiyo faida tuliyovuna!

Wasomaji wenzangu, mkishindwa, tafuteni mlipokosea, msitafute wa kuchinja. Na wewe mwenye ndoa, ukiwa na shaka, uliza! Yohana angeniuliza, nami ningemuuliza, ningezeeka naye.

Kaka yu hai, anatembelea fimbo. Pasaka hii alikuja, tukala vizuri, akawafukuza watoto nje. Akaniomba niwaambie wanawe, aliowasimulia habari ya mbuzi miaka yote, kwamba mbuzi alikuwepo, wasije wakamzika kama mwongo.

Nilimmiminia maji ya kunawa mpaka akamaliza. Nikamwambia, "Sikuona mbuzi, na sitasema niliona."