Kiwele cha Meli

Kila asubuhi Mzee Meitamei wa Elerai alikunywa chai ya maziwa, akautazama Mlima Meru kuhakikisha kwamba bado upo, kisha akatoka kwenda kubishana na watu. Kabla ya kustaafu alikuwa dalali wa ng'ombe minadani. Alisema anaweza kukadiria uzito wa fahali kwa kusikiliza kwato zake tu, amefumba macho, tena akiwa na mafua. Watu wa mnadani walisema ni mwongo. Lakini ng'ombe aliowaambia wawanunue, waliwanunua.

Jumatano moja hakwenda kubishana. Alikaa uani, simu mkononi, anacheka peke yake. Mkewe, Sinyati, alikuwa anachambua maharage.

"Mama Naserian, nimemaliza kazi," alisema. "Meli nimeshachagua."

Sinyati aliacha maharage. Jambo hilo lilikuwa limemnyima usingizi wiki nzima.

Binti yao, Naserian, anafanya kazi jikoni katika hoteli moja kisiwani Mahe, huko Shelisheli, mbali katikati ya bahari. Alikwenda huko kutafuta maisha, akaolewa huko, akazaa mtoto wa kiume, Lucky. Lucky ana miaka mitatu. Bibi na babu yake hawajamshika hata mara moja. Wamemwona kwenye simu tu. Na mara nyingi wameona sikio lake, kwa sababu mtoto huyo anaamini simu ni kitu cha kuweka sikioni.

Mwaka huu hoteli ilimpa Naserian zawadi kwa kazi yake nzuri. Wazazi wake watapata likizo ya meli ya watalii. Watapandia Mombasa, watazunguka visiwa, watarudi. Meli ziko mbili. Wachague moja. Jina la meli likishatumwa kwa wenye meli, halibadilishwi.

"Umechagua ipi?" aliuliza Sinyati.

"Malkia wa Mawimbi."

"Umeichaguaje?"

"Kama ninavyochagua fahali. Nimetazama kimo, kifua na rangi. Malkia ana ghorofa kumi na saba, mama. Ana bwawa la kuogelea juu, na bomba la kuteleza linalozunguka kama utumbo. Mtu akipotea humo ndani, watu wake wanamlilia matanga ndipo anapatikana."

"Na ile nyingine?"

"Inaitwa Upole. Ghorofa tano. Nyembamba, imepauka, kama ndama aliyekosa mvua mbili. Ile ningeikataa hata kama ningepewa bure."

"Si tunapewa bure?"

"Ndiyo maana nimeikataa."

"Chumba cha kulala je, kikoje?"

"Vyumba ni elfu mbili."

"Mimi nauliza chetu, Baba Naserian."

Meitamei alikohoa. Hilo hakuwa amelitazama. Alisema kwamba ameshamtumia Naserian ujumbe wa sauti, na leo saa kumi Naserian atalipeleka jina ofisini. Tena jana alishawatangazia watu wote pale Kwa Mrombo, kwenye nyama choma. Mambo yamekwisha.

Hapo wakasikia hodi. Alikuwa Bi Batuli, jirani yao, mzaliwa wa Tanga mwenye duka la kufua nguo pale Kijenge. Ujanani alifanya kazi miaka mingi katika meli za watalii, akitandika vitanda. Hakuwa mtu wa kuficha jambo hilo. Watu wa mtaa mzima walilijua, na waliohamia wiki iliyopita walikuwa wameshaambiwa mara mbili.

"Nimesikia mzee wetu amekuwa nahodha," alisema Bi Batuli akivuta kigoda. "Watu wa nyanda za juu na bahari, wapi na wapi? Si mtamtafutia majani huyo Malkia ale?"

"Wewe cheka," alisema Meitamei. "Ghorofa kumi na saba."

"Nimesikia. Sasa niambie. Mnakwenda kufanya nini huko?"

"Si ni likizo tu."

"Likizo ya kufanya nini? Kuogelea?"

Meitamei alimtazama mkewe. Sinyati hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti.

"Tunakwenda kumwona Lucky," alisema Sinyati taratibu. "Mimi nataka nimshike mjukuu wangu. Hayo mabomba ya kuteleza huyu mzee atateleza mwenyewe."

Bi Batuli alimgeukia mzee. "Basi, Baba Naserian, mwaga siri ya kazi yako. Mjane akikutuma umnunulie ng'ombe wa maziwa, unatazama pembe?"

"Nani anatazama pembe? Natazama kiwele."

"Meli nayo ina kiwele. Kiwele chake ni ratiba. Inasimama wapi, inakaa saa ngapi, na wewe unashukaje. Umeitazama?"

"Nimetazama picha."

"Picha ni pembe. Lete simu."

Maelezo ya meli yalikuwa ya Kiingereza, na Bi Batuli Kiingereza cha meli anakijua. Alipitisha kidole juu ya bwawa, juu ya bomba, juu ya wapishi waliovaa kofia ndefu. Picha zilikuwa nyingi kiasi kwamba kidole kilianza kupata joto. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama chawa, akaikuta ratiba. Akasoma. Akaisoma tena, na safari hii midomo yake ilitembea.

"Baba Naserian," alisema, "hii meli haisimami Mahe."

"Jina la Mahe nimeliona hapo kwa macho yangu."

"Limeandikwa, ndiyo. Sikiliza. Siku ya tano, saa moja asubuhi mpaka saa mbili, abiria watakitazama kisiwa cha Mahe kutoka juu ya meli. Watapewa kahawa. Kisha meli inaendelea na safari."

Jogoo aliyekuwa anaparua karibu na maharage alisimama na mguu mmoja juu.

"Inaendelea," alisema Meitamei.

"Inapita tu. Haifiki bandarini."

"Naserian akisimama ufukweni na mtoto?"

"Mtaona milima ya kisiwa. Watu hamtawaona. Ni kama mtu asimame Usa River akupungie mkono wewe ukiwa hapa Elerai."

Sinyati alikaa chini. Hapo alipokaa hapakuwa na kiti, lakini hakuonekana kujali. Meitamei alibaki mdomo wazi. Nzi aliingia, akazunguka, akatoka, na mzee hakujua kwamba amepata mgeni. Miaka yote ya mnadani hakuna aliyewahi kumuuzia ng'ombe mgonjwa. Leo amejiuzia mwenyewe.

"Ningempungia mjukuu wangu mkono na kikombe cha kahawa," alisema Sinyati. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Halafu nirudi Arusha niseme nimemwona."

"Hebu nitazame na hiyo nyingine," alisema Bi Batuli. Alitafuta maelezo ya Upole. Hayo picha zake zilikuwa chache. "Haya. Upole inafika Mahe Jumamosi saa mbili asubuhi. Inaondoka Jumapili jioni. Inalala pale, tena gatini."

"Gatini ndiyo nini?"

"Inakuja mpaka ukutani mwa bandari, inafungwa kwa kamba. Unashuka kwa ngazi yenye kishikio, polepole, na fimbo yako. Kuna meli nyingine zinatia nanga mbali, majini. Hizo watu wanashushwa kwenye vimashua. Mama Naserian, kwa goti lako hilo, kimashua kikiinuka na kushuka utakiweza?"

"Sikiwezi."

"Na bahari ikichafuka, vimashua havishushwi kabisa. Watu wote wanabaki ndani. Ndiyo maana nasema muulize mnashukaje."

Meitamei alikuwa ameshaichukua simu na kupiga. Simu ya Naserian haikupokelewa. Alipiga tena na tena. Wafanyakazi wa jikoni huacha simu zao kwenye makabati mpaka zamu iishe.

"Si kitu," alisema. "Sasa hivi ni saa tisa na dakika chache. Amesema saa kumi. Tunayo nafasi."

"Saa kumi ya wapi?" aliuliza Bi Batuli.

"Saa kumi ni saa kumi."

"Shelisheli wametutangulia kwa saa moja. Kwao ni saa kumi sasa hivi."

"Tangu lini?" aliuliza Meitamei. Alitazama jua kana kwamba limemsaliti.

Bi Batuli aliichukua simu tena. Alifungua barua ya hoteli iliyoleta habari ya zawadi, akashuka mpaka mwisho, pale ambapo watu wengi hawafiki, akaikuta namba ya mapokezi. Akapiga, akaweka spika. Alipojibiwa, aligeuka mtu mwingine. Alikaa wima, akabana pua, Kiingereza kikatoka kama maji ya bomba lililopasuka. Meitamei alielewa neno moja tu, nalo lilikuwa jina la binti yake.

Walisubiri. Walisikia vyombo vikigongana kwa mbali, kisha mtu anayekimbia.

"Baba?" Ilikuwa sauti ya Naserian. "Shikamoo baba. Nani amekufa?"

"Marahaba. Hajafa mtu. Jina la meli umeshalipeleka?"

"Nimempa msimamizi sasa hivi. Malkia wa Mawimbi, kama ulivyosema."

"Mwanangu, Malkia haisimami huko. Inapita."

"Inapita vipi? Imeandikwa Mahe."

"Inapita kama ng'ombe anayepita kisimani bila kunywa. Soma chini kabisa."

Walisikia karatasi zikifunuliwa. Kisha wakamsikia akisema kwa Kimaasai neno ambalo mama yake alimfundisha asiseme. Simu ikawekwa mezani. Miguu ikakimbia.

Sinyati alishika ukingo wa kanga yake. Hakuomba kwa sauti, lakini midomo yake ilikuwa kazini. Meitamei alisimama, akakaa, akasimama. Kama pangekuwa na fahali hapo angemkadiria uzito ili tu apate la kufanya.

Miguu ilirudi.

"Yeyo?" aliita Naserian, akihema. Alimwita mama yake, si baba. "Nimemkuta anataka kutuma. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nimemwandikia Upole. Mtafika gatini, na mimi nitakuwepo."

Sinyati alijaribu kusema asante. Aliishia kuitikia kwa kichwa tena na tena, kana kwamba binti yake anamwona.

Baadaye chai ilichemshwa upya, na Meitamei, mtu wa kubishana, aliuliza maswali kama mwanafunzi. Bi Batuli alimwambia kwamba chumba cha ndani hakina dirisha, na cha nje kinalo. Kwa hiyo aulize kabla hajapangiwa. Chakula kimelipiwa katika safari, lakini soda, intaneti na daktari wa meli mara nyingi havimo. Pasipoti washughulikie mapema. Waulize pia kama watatakiwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu nchi nyingine huidai mlangoni.

"Na Mombasa mfike siku moja kabla," alisema. "Meli haimsubiri mtu."

"Hata mzee?"

"Hata askofu na mkongojo wake."

Meitamei alikwenda mwenyewe Kwa Mrombo kuyafuta maneno yake. Alicheka pamoja na waliomcheka. Lakini alimwambia kila mmoja aliyemsikiliza kwamba ukipewa meli mbili, anza kuuliza inakushushia wapi.

Miezi mitatu baadaye, Upole ilifika Mahe asubuhi, ikasogea polepole mpaka ukutani, ikafungwa kwa kamba nene kama paja. Dirisha la chumba chao lilikuwa dogo, lakini Sinyati alikuwa amesimama hapo tangu kabla ya jua. Walishuka ngazi hatua kwa hatua. Sinyati alishika kishikio, Meitamei alimshika mkono.

Chini, Naserian alikuwa analia waziwazi. Kando yake alisimama mtoto mwembamba mwenye viatu vyekundu. Meitamei alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha.

Mtoto alimwacha mama yake. Akatembea mpaka mbele ya babu, akasimama, akainamisha kichwa. Akakaa hivyo, kimya, utosi wake ukitazama juu, kama watoto wa Kimaasai wa Elerai wanavyomsalimia mzee, wakisubiri mkono wa baraka. Kisiwa kizima hakikuwa na mtoto mwingine wa kumwiga. Mama yake alimfundisha jikoni, kwa kichwa kimoja cha mtoto na mkono mmoja wa mama.

Maneno yote aliyoandaa Meitamei yalibaki baharini. Mkono wake ulining'inia tu.

"Mguse mtoto, Baba Naserian," alisema Sinyati. "Shingo itamchoka."