Kikohozi Nyuma ya Zizi

Enoka na mkewe Marita walikuwa wakulima. Waliishi na mtoto wao, Sekela, katika kijiji kimoja karibu na Ndalambo, miaka ile Waingereza walipokuwa bado wanatawala Tanganyika. Walilima mahindi, ulezi na karanga. Walikuwa na maksai wawili wa kukokota plau. Mmoja alikuwa mweusi. Wa pili alikuwa mwekundu, na pembe yake moja ilikuwa imevunjika. Maksai hao ndio waliowalisha. Bila wao, Enoka angelima kipande kidogo tu kwa jembe la mkono.

Jirani yao alikuwa Mzee Hezron. Zamani Hezron alikuwa askari kanzu, yaani polisi mpelelezi asiyevaa sare. Alifanya kazi hiyo Mbeya kwa miaka mingi, kisha akarudi nyumbani kulima. Rafiki yake, Mzee Raphaeli, alikuwa amefanya kazi hiyohiyo. Jioni wazee hao wawili walikaa kibarazani kwa Hezron. Walimenya karanga za mbegu na kubishana.

"Zamani askari kanzu alitumwa kutafuta mwizi," Hezron alisema jioni moja. "Siku hizi anatumwa kwenye mikutano. Anaandika nani amesema uhuru na nani amepiga makofi. Na mwizi je? Mwizi anatembea."

"Na wanafanya vizuri," Raphaeli alijibu. "Mikutano hiyo inawaharibu vijana. Kijana asiyemheshimu jumbe ataheshimu mali ya mtu?"

"Hayo ni mambo mawili tofauti, Raphaeli."

"Kwako ni mawili. Kwangu ni moja."

Enoka aliwasikia kutoka uwanjani kwake. Hakutilia maanani. Yeye aliwaza mvua, na mbegu, na shamba.

Asubuhi iliyofuata Marita aliamka kama kawaida. Aliwasha moto. Alifagia uwanja wote, kuanzia mlangoni hadi kwenye zizi. Hapo ndipo alipoona kwamba miti ya mlango wa zizi imelala chini.

"Baba Sekela!" aliita. "Baba Sekela, njoo! Ng'ombe hawapo!"

Enoka alitoka mbio. Zizi lilikuwa tupu. Aliingia, akatoka, akaingia tena, kama mtu asiyeamini macho yake. Majirani walisikia kilio cha Marita, wakaja. Walikuja wengi. Kila mmoja aliingia zizini kutazama. Watoto nao waliingia.

Jumbe wa kijiji alifika na matarishi wake wawili. Aliuliza, "Kuna mtu aliyesikia kitu?"

"Mimi niliamka usiku," Marita alisema. "Nilisikia mtu anakohoa nyuma ya zizi. Nilidhani ni mpita njia, nikalala tena."

"Hapa kijijini nani hana heshima?" Jumbe aliuliza. "Nani anazunguka na kadi ya chama na kuwaambia watu kwamba majumbe wataondolewa?"

Watu wote walijua anamsema nani. Andongwisye alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Alikuwa amefanya kazi kwenye migodi ya shaba huko Rodesia ya Kaskazini. Aliporudi, alijiunga na chama cha kudai uhuru. Jumbe hakumpenda.

Jumbe alimgeukia Enoka. "Ni yeye?"

Enoka alitazama zizi tupu. Alifikiria shamba ambalo halijalimwa.

"Labda ni yeye," alisema.

Neno hilo lilitosha. Matarishi walikwenda kwa Andongwisye. Walimkuta anakula uji na mwanawe. Walimfunga mikono nyuma kwa kamba ya katani na kumburuta. Mkewe, Tabita, alifuata nyuma akilia. Alimwona Enoka njiani.

"Ulimwona?" Tabita alimuuliza. "Niambie, shemeji. Ulimwona mume wangu akiiba?"

Enoka aliinamisha kichwa.

Wakati huo Hezron na Raphaeli walikuwa shambani. Waliposikia habari, walikuja. Hezron alisimama mbele ya zizi na kushika kiuno.

"Nani amefagia hapa?" aliuliza.

"Mimi, mzee," Marita alisema. "Nilifagia kabla sijajua."

"Hukujua, mama. Sikulaumu. Lakini hawa wote walioingia humu walijua. Wamekanyaga alama zote. Mwizi anaandika habari zake kwa miguu. Sisi tumezifuta kwa miguu yetu."

Raphaeli alikuwa amezunguka nyuma ya zizi, mahali ambapo watu hawakufika. Alipiga magoti polepole, maana magoti yake yalikuwa yanauma.

"Hezron," aliita. "Njoo hapa. Wengine msije."

Kwenye tope, kando ya alama za kwato za ng'ombe, palikuwa na alama moja ya kiatu. Ilikuwa alama ya katambuga, viatu vinavyotengenezwa kwa mpira wa gari. Kisigino kilikuwa kimepasuka na kushonwa kwa waya. Waya ule ulionekana wazi kwenye tope.

"Mama Sekela, nipe chungu kikubwa," Hezron alisema. Marita alileta chungu, na Hezron akakifunika juu ya alama ile. "Mvua ikinyesha, alama itabaki. Mtu yeyote asikiguse chungu hiki."

Raphaeli alikuwa ameshakata kijiti cha utete. Aliukata sawasawa na urefu wa alama. Kisha aliuweka mfukoni na kuondoka bila kuaga.

Hezron naye alikwenda kwa jumbe. Alimkuta Andongwisye amefungiwa ghalani. Mikono yake ilikuwa imevimba na kubadilika rangi.

"Legezeni kamba," Hezron aliwaambia matarishi. "Mtu huyu hajahukumiwa. Hata akihukumiwa, hakuna sheria ya kumharibu mikono."

"Jumbe hajaamuru," matarishi walijibu.

Jumbe alikuwa amekwenda kwenye pombe. Alirudi jioni. Ndipo kamba ilipolegezwa.

Siku hiyohiyo jumbe alipita kwa Enoka. "Kesho ni baraza huko Ndalambo," alisema. "Utamwambia hakimu kwamba ulimwona Andongwisye karibu na zizi lako. Na mkeo atasema aliyekohoa ni Andongwisye."

"Lakini bwana jumbe, mimi sikumwona."

"Unataka ng'ombe wako au hutaki? Ukinisaidia, nitakusaidia."

Jumbe alipoondoka, Enoka na Marita walikaa jikoni.

"Tutalima na nini mwaka huu?" Marita aliuliza. "Sekela atakula nini? Jumbe akitukasirikia, tutakwenda wapi?"

"Twende kwa Mzee Hezron," Enoka alisema.

Hezron aliwapa viti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimgeukia Marita.

"Mama Sekela, ulisikia nini?"

"Kikohozi cha Andongwisye."

"Ulimwona Andongwisye?"

"Hapana."

"Alizungumza?"

"Hapana. Alikohoa tu."

"Sasa nani alikuambia kikohozi kile ni chake?"

Marita alifikiri. "Asubuhi watu walipomtaja, niliona kwamba ni chake."

"Kwa hiyo usiku ulisikia kikohozi. Jina la Andongwisye ulilipata asubuhi, kwa watu." Hezron alisema kwa upole. "Basi barazani sema: nilisikia mtu anakohoa. Halafu ishia hapo. Usiongeze hata neno moja."

"Na mimi je?" Enoka aliuliza.

"Wewe ulimwona?"

"Hapana. Lakini nilidhani."

"Enoka, nisikilize. Kuna jambo uliloliona kwa macho yako. Kuna jambo uliloambiwa na watu. Na kuna jambo unalolidhani moyoni. Ushahidi ni lile uliloliona au kulisikia mwenyewe. Uliloambiwa, useme umeambiwa, na umtaje aliyekuambia. Unalolidhani ubaki nalo. Ukilichanganya na uliloliona, mtu atakwenda jela kwa sababu yako. Na mwizi atabaki nje, atakuja kuchukua ng'ombe wa mwingine."

"Jumbe atatukasirikia."

"Atakasirika, ndiyo," Hezron alisema. "Hilo sikufichi."

Enoka hakulala vizuri. Lakini kulipokucha, alivaa shati lake la kanisani, akaenda Ndalambo na mkewe.

Baraza lilijaa watu. Hakimu alikaa mezani na karani wake. Andongwisye alisimama mbele. Mkono wake wa kulia ulining'inia kama kitu kisicho chake. Tabita alikaa chini na mtoto mgongoni.

"Enoka," hakimu aliita. "Ulimwona mtu huyu karibu na zizi lako?"

Jumbe alimtazama Enoka.

"Sikumwona, bwana hakimu."

Watu walinong'ona. Jumbe aliinuka kidogo, akakaa tena.

"Mbona ulisema ni yeye?"

"Nilisema labda. Nilikuwa na uchungu wa ng'ombe wangu. Nilikosa."

Hakimu alimwita Marita. Marita alisogea mbele ya meza. "Nilisikia mtu anakohoa nyuma ya zizi. Sikumwona. Sijui ni nani."

Ndipo Raphaeli aliposimama. Jumbe alitabasamu, kwa maana alijua Raphaeli anavichukia vyama vya siasa.

"Bwana hakimu, mimi sipatani na kijana huyu," Raphaeli alisema. "Maneno anayowaambia watu siyapendi, na nitaendelea kuyapinga. Lakini nimekuja kuzungumza juu ya ng'ombe." Alitoa utete mfukoni. "Mwizi aliacha alama moja ya kiatu. Alama yenyewe ipo, imefunikwa kwa chungu. Karani anaweza kwenda kuiona. Urefu wake ni huu."

Aliinama mbele ya Andongwisye na kuulaza utete chini, kando ya mguu wake. Mguu wa Andongwisye ulipita ncha ya utete kwa upana wa vidole viwili.

"Mguu huu hauwezi kuingia katika kiatu kile," Raphaeli alisema. Kisha akarudi kukaa.

Hakimu alimtuma karani kuona alama. Karani aliporudi, alithibitisha. Hakimu akasema hakuna ushahidi, na Andongwisye akaachiwa. Hakimu alimkemea jumbe mbele ya watu wote kwa kumfunga mtu namna ile. Jumbe aliondoka bila kumwangalia mtu.

Lakini ng'ombe walikuwa bado hawajapatikana. Wakiwa njiani kurudi, Raphaeli alimuuliza Marita, "Siku za karibuni, mgeni gani alipita kwenu?"

"Hakuna mgeni, mzee. Ila mchuuzi wa tumbaku. Aliomba maji. Aliwasifu sana maksai wetu."

"Alivaa nini miguuni?"

Marita alisimama njiani. "Katambuga," alisema. "Ee Mungu wangu. Alivaa katambuga. Wala sikumkumbuka hata kidogo."

"Usingeweza kumkumbuka," Hezron alisema. "Kijiji kizima kilikuwa kinamwangalia Andongwisye."

Raphaeli alimtazama rafiki yake. Safari hii hakubisha.

Raphaeli na Enoka walikwenda Tunduma kwa miguu. Waliwaeleza polisi wa pale juu ya alama, waya wa kisigino, mchuuzi, na maksai mwenye pembe iliyovunjika. Hawakutia chumvi. Polisi waliwaarifu wenzao wa upande wa pili wa mpaka. Maksai mwekundu alipatikana huko Nakonde, nyuma ya bucha. Yule mweusi alikuwa ameshachinjwa. Mchuuzi wa tumbaku alikamatwa sokoni, na katambuga zake miguuni. Alikiri barazani, akafungwa.

Enoka alirudi nyumbani na maksai mmoja. Watu walikuja kumpongeza. Alishukuru, lakini hakukaa nao. Alikwenda kwa Andongwisye.

Andongwisye alikuwa ametoka hospitali ya misheni. Mganga wa pale alisema kamba ilizuia damu kwa muda mrefu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki tena. Hakuweza kushika mpini wa jembe.

"Ndugu yangu," Enoka alisema, "si mimi niliyefunga kamba. Lakini neno langu ndilo lililoileta. Nisamehe."

Andongwisye aliutazama mkono wake.

"Nimesikia," alisema. "Kusamehe nitajaribu. Lakini shamba langu halijui kusubiri, na mkono ndio huu."

Enoka alikwenda kumwomba Hezron maksai wake mmoja. Aliwafunga wale wawili kwenye nira, akashika plau, akaingia shambani kwa Andongwisye. Alilima mpaka jua likawa kali. Tabita alileta maji, akayaweka kwenye mpaka wa shamba. Hakumsalimu, lakini aliyaleta.

Tangu mwaka ule mambo yalibadilika pale kijijini. Kitu kikiibwa, watu walisimama mbali. Mwenye nyumba hakufagia. Alama ilifunikwa kwa chungu au ungo, na mtu mmoja alikwenda haraka kwa polisi. Watu walijifunza kuulizana: umeona, umeambiwa, au unadhani? Baadaye mbuzi waliibwa kwa mjane mmoja, na mwizi akapatikana kabla hajavuka mpaka. Hakuna aliyefungwa kamba bure.

Hezron na Raphaeli waliendelea kumenya karanga na kubishana juu ya siasa. Mara nyingine Andongwisye alikaa nao, akabishana pia. Raphaeli alimpinga kwa sauti kubwa, kisha akamsogezea bakuli la karanga.

Na kila msimu, mvua za kwanza ziliponyesha, Enoka alianza kulima shamba la Andongwisye. Alipolimaliza, ndipo alipokwenda kulima lake. Hakuna aliyemwagiza.