Ncha Mbili za Waya

Alhamisi, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, baiskeli ya umeme ilishuka mteremko wa barabara ya maghala bila breki ikagonga ukuta. Aliyekuwa juu yake hakuwa mwenyewe. Mwenyewe, muuguzi wa wodi ya watoto, alikuwa bado kitandani, kichwa kinamgonga. Aliyeipanda ni mdogo wake, mshonaji, ambaye alichelewa kazini akaichukua bila kuuliza.

Saa mbili na nusu fundi baiskeli aliyeitwa kuiondoa pale alichuchumaa, akaangalia chini ya fremu, akasimama upesi.

"Huu waya wa breki haujakatika," alisema. "Umekatwa."

Muuguzi aliyapata maneno hayo kwa simu akiwa nje ya chumba cha upasuaji. Ndani, paja la mdogo wake lilikuwa vipande vitatu, na madaktari walikuwa hawajasema kama atapona. Kila mtu mtaani alijua baiskeli ile ni ya nani na kwamba kila siku, saa kumi na mbili na nusu, huteremka nayo mteremko uleule. Kwa hiyo kuna mtu alitaka afe yeye, na mtu huyo bado yuko. Tangu dakika ile hakuweza tena kukaa akiupa mlango mgongo.

Kesi alipewa sajini mmoja, mama mnene mpole, ambaye mtaa mzima ulimwita Saa Ngapi kwa sababu swali lake halikubadilika. Alianza nyuma ya kituo, baiskeli imelazwa juu ya gunia.

"Mara ya mwisho kuipanda ni saa ngapi?"

"Jumatano, saa kumi na mbili jioni, afande. Nilitoa betri nikaichaji ndani, nikairudisha saa tatu. Baiskeli inalala barazani."

"Na breki ilikuwa nzima?"

"Ya nyuma, nzima."

"Ya mbele je?"

Muuguzi akainamisha kichwa. "Nina wiki tatu tu na baiskeli hii. Siku ya pili niliiminya ya mbele kwa nguvu, ikanirusha kichwa mbele. Nikailegeza mwenyewe. Nilijua nitumie ya nyuma peke yake. Mdogo wangu sikumwambia."

Machozi yakamtoka. Saa Ngapi hakumbembeleza. Alimpa kitambaa akaendelea na kazi. Alibonyeza kitufe kwenye usukani, skrini ikawaka, taa ikawaka. Umeme ulikuwa mzima. Nyaya mbili nyeusi zilishuka pamoja kwenye fremu mpaka gurudumu la nyuma, zimefungwa kwa vibanio: mmoja wa mota, mmoja wa breki. Wa breki ulikatwa katikati, na kila ncha ilizungushiwa tepu nyeusi, vizuri kabisa, kama kidole kilichofungwa dawa. Sajini alizitazama ncha zile kwa muda mrefu akaandika kitu kwenye daftari.

"Nani hakuipenda baiskeli hii?"

"Kipepeo," alisema muuguzi. Hakuhitaji kufikiri.

Kipepeo alikuwa dereva wa pikipiki wa pale kona. Kwa miaka miwili ndiye aliyempeleka muuguzi kazini. Siku alipomwona na baiskeli mpya alipaza sauti mbele ya wenzake: "Hicho kidude kitakutupa mtaroni, dada, utanikumbuka!" Wote wakacheka. Sasa hakuna aliyecheka, na jirani aliapa kwamba Jumatano, saa moja jioni, alimwona Kipepeo amechuchumaa barazani penye baiskeli.

Saa nane mchana alikuwa ameshakamatwa.

"Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Kujaza upepo, afande. Niliona tairi la nyuma limelala. Yule ni kama dada yangu, tulitaniana tu."

"Usiku wa kuamkia leo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nimelala."

"Koleo unayo?"

"Dereva gani hana koleo?"

"Na tepu?"

"Tepu ya nini?"

Sajini akatoka kuikagua pikipiki. Nyaya zake zote zilifungwa kwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Tepu haikuwapo hata kipande. Hata hivyo wakubwa wake walitaka mtu, na mtu walikuwa naye. Kipepeo akalala mahabusu, mama yake akalala nje ya geti.

Ungedhani muuguzi alipata nafuu. Wapi! Woga hauna adabu, ukishaingia haungoji kukaribishwa. Kama si Kipepeo je? Alirudi nyumbani akasukuma kabati mpaka mlangoni. Paka akiruka ukutani, naye anaruka. Nyumbani alibaki na baba yake tu, fundi redio mstaafu aliyelea mabinti wawili peke yake tangu lori lilipomgonga mama yao. Mzee alimletea chai.

"Baba, wataniua."

"Hakuna atakayekuua, mwanangu."

"Unajuaje?"

Mzee akageuka, akaenda kukaa kwenye meza yake ya kazi dirishani, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Chai yake mwenyewe hakuigusa.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Saa Ngapi alikwenda kwa yule fundi baiskeli.

"Wewe ukitaka mtu aanguke, utakata breki namna hii?"

Fundi akacheka bila kupenda. "Mimi ningelegeza nati, afande, ionekane bahati mbaya. Huyu kakata wazi, halafu kaziba. Anaziba nini? Breki haivuji."

Sajini alitoka akitabasamu, lakini kwa kusikitika. Jibu alishalipata. Lililobaki ni kulisikia kwa mwenyewe.

Jumamosi, saa kumi jioni, aliingia sebuleni kwa muuguzi. Mzee alikuwa mezani kwake, miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka ikimning'inia puani. Muuguzi alijibana kwenye kona, mgongo ukutani.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba elimu. Mimi umeme siujui. Fundi akikata waya ambao pengine una umeme, kinachofuata ni nini?"

"Anaziba ncha," mzee alijibu, hata hakuinua macho. Miaka arobaini ya kazi ndiyo iliyojibu. "Kila moja peke yake, zisigusane, mtu asirushwe..."

Bisibisi ikamdondoka.

Saa Ngapi akaweka juu ya meza kipande cha waya wa breki, ncha zake mbili na tepu zake.

"Muuaji hana habari ya kumkinga mtu na umeme," alisema taratibu. "Aliyefanya hivi alidhani anakata umeme, baiskeli isiwake, na hakutaka yeyote adhurike hata kidogo. Ilikuwa saa ngapi, mzee?"

"Kumi na moja alfajiri." Sauti ilitoka kama ya mtoto. "Sikuwasha taa nisiwaamshe. Macho haya nayo... Nilipapasa nyaya mbili. Niliona mmoja mgumu kukatika, nikasema vitu vya siku hizi."

"Baba!" Muuguzi alisogea kutoka ukutani. "Wewe?"

"Nilitaka baiskeli igome kuwaka tu, uende kwa miguu. Mama yako alitoka asubuhi kama wewe, akaniaga kama wewe. Wiki tatu nakaa dirishani hapa mpaka uniambie umefika. Nilikuomba uiuze, ukanicheka. Naogopa, mwanangu."

"Mimi pia nimeogopa! Siku mbili nalala nimesukuma kabati mlangoni, na wewe uko upande wa pili unaniletea chai!"

Mzee akafunika uso. "Nilimwona mdogo wako anabonyeza kitufe. Taa ilipowaka nikajua sikukata nilichotaka kukata. Nikakimbia mpaka barabarani, nikamwita, nikamwita. Alikuwa ameshafika kileleni mwa mteremko."

"Na Kipepeo je?" aliuliza Saa Ngapi, na sasa upole ulikwisha. "Mtoto wa watu yuko mahabusu siku ya tatu, mama yake analala chini. Hilo nalo lilikuwa giza hukuliona?"

"Nililiona," alisema mzee. "Nilishindwa kusema. Kila nikivaa viatu niende kituoni, navivua."

Mzee alivaa viatu vyake mwenyewe, akaomba jambo moja: wapitie hospitali kwanza.

Saa kumi na mbili na robo jioni muuguzi aliingia wodini peke yake. Mdogo wake alikuwa amezinduka tangu asubuhi, mguu umening'inizwa kwa uzito wa chuma. Madaktari walisema ataishi. Kutembea, wangoje waone. Muuguzi alimwambia yote, kuanzia breki ya mbele aliyoilegeza mwenyewe. Mgonjwa alisikiliza akiangalia dari.

"Kipepeo ametolewa?"

"Saa kumi na moja. Mama yake alimbeba kama mzigo."

"Baba yuko wapi?"

"Mlangoni, na afande. Anaogopa kuingia."

Mdogo mtu akamshika dada yake mkono, akamvuta karibu mpaka sikio likawa mdomoni.

"Nilimsikia akiniita," alinong'ona. "Nilidhani anagomba kwa kuchukua baiskeli yako. Nikaongeza mwendo."

Muuguzi akafumba macho.

"Mwite aingie," alisema mgonjwa. "Lakini hilo usimwambie."