Boloti Mbili za Chabu

Soko la Kashikishi, kando ya ziwa Mweru mkabala na Kongo, asubuhi halina adabu. Wauza samaki wanapigana vikumbo na wauza chumvi, mama wa Kongo anataja bei kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kibemba, na wote wanaelewana vizuri sana mradi kuna faida. Lakini asubuhi moja ya mwaka wa tisini na tisa kelele zote hizo zilifunikwa na kelele moja. Kigari chekundu kilishuka kuelekea bandarini kikinguruma kwa hasira, hakina taa, hakina bampa, hakina vioo vya pembeni, na mlangoni kimeandikwa 14 kwa rangi nyeupe. Mama mmoja aliachia beseni lake la chisense, wale dagaa wa huku, wakamwagika mchangani.

Kigari kikakohoa, kikazima mbele ya Chabu, fundi wa mota za boti, aliyekuwa amechuchumaa na mikono imejaa grisi. Akashuka mwanamke. Alivaa kikwembe cha bluu chenye maua ya njano, kimekaza kiunoni, na kichwani kitambaa cheusi cha kilio. Uzuri wake ulikuwa wa kumfanya mtu asahau alichoshika, na Chabu alisahau kweli. Spana ilimwangukia mguuni.

"Papa, motokari yangu inakufwa. Unajua kutengeneza?"

"Bamayo, mi natengeneza mota ya boti." Chabu alikizunguka kigari. "Hii ni motoka ao ni ndeke ya kuruka juu?"

"Ni ya course. Ya kushindana mbio. Iko na kiti moja tu, unaona?"

"Taa iko wapi?"

"Haina."

"Na honi?"

"Na ile makelele yote, honi ya nini tena?"

Watu wakacheka. Konstebo aliyekuwa akinunua samaki hakucheka. Alisema kwa upole kwamba gari lisilo na taa, honi, vioo wala sailensa ya kupunguza kelele ni la uwanja wa mashindano, si la barabara. Mkaguzi wa magari angekuja boma ya Nchelenge baada ya miezi miwili. Likipata fitness, cheti cha kufaa barabarani, litembee. Lisipopata, lisionekane tena njiani.

"Miezi mbili inatosha," Chabu alisema haraka, kabla mwanamke hajatafuta fundi mwingine. "Mi naitwa Chabu."

"Bénie."

Bénie alikuwa mjane, na mjane wa aina ngumu kuliko zote, asiye na kaburi la kulilia. Mume wake Blanchard alikuwa dereva wa mbio kule Lubumbashi. Vita ilipoanza tena mwaka uliotangulia, aliogopa askari wasije wakamnyang'anya gari, akalifikisha Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na kulipakia juu ya mbao zilizofungwa kati ya boti mbili. Katikati ya Mweru upepo ukainuka. Kamba ikalegea, Blanchard akaruka kuzishika mbao. Gari lilifika Nchelenge. Bénie naye alifika, ufunguo mkononi. Blanchard hakufika, na ziwa halikumrudisha.

Sasa Bénie aliuza samaki wakavu, na alitaka kigari kile kimpelekee mizigo yake hadi Mwansabombwe bila kubembeleza wenye malori. Hilo ndilo alilowaambia watu. Lakini kila jioni, jua likizama upande wa Kongo, alikisukuma hadi ukingoni, pua ikitazama maji, akakiwasha na kukanyaga mafuta mara mbili. Blanchard alikuwa na desturi yake: akikaribia nyumbani alinguruma mara mbili, ili mkewe aweke maji ya kuoga, akiondoka alinguruma mara moja, kuaga.

"Kama iko mahali, atasikia," Bénie alimwambia Chabu. "Atajua nyumba iko huku."

Wavuvi hawakupenda. Kwao, aliyemezwa na maji haitwi. Ukimwita anakwama katikati, hafiki kwako wala haendi kwa wazee wake. Chabu alikuwa mtoto wa wavuvi hao, ila kwa siku zile za mwanzo alinyamaza, kwa kuwa mwenye kupenda ana upofu wake na uziwi wake.

Kazi ikaanza. Taa za mbele zilitoka kwenye Land Rover iliyokufa zamani, indiketa kwenye pikipiki, waipa kwenye basi, ikabidi ikatwe nusu. Kioo cha pembeni kilitoka saluni ya dada yake Chabu.

"Sasa nitaona bantu ba nyuma, ao nitaangalia nywele yangu?" Bénie aliuliza.

"We jiangalie tu, bamayo. Ba nyuma watakuona benyewe."

"Iwe Chabu, uko na mudomo!"

Siku nyingine alimkuta amefunga kiti cha pili, karibu na cha dereva, na mkanda wake kabisa.

"Hii ya nani?"

"Ya samaki."

"Samaki inafungaka mukaba?"

"Ikikataa, nitakaa mi."

Bénie akacheka kicheko kirefu, kisha akajifunika mdomo na kutazama ziwani, kana kwamba kuna mtu kule aliyemsikia. Alimpenda Chabu. Alikuwa akijua tayari, na ndicho kilichomtisha, maana kila alipocheka na huyu aliona anamfungia yule wa majini mlango.

Jioni moja Chabu alikaa kwenye hicho kiti cha samaki. Bénie alinguruma mara mbili, akazima. Ziwa likatulia. Halafu kutoka majini, mbali, ikaja sauti nyembamba ya injini, ikanguruma mara mbili na kukatika.

Bénie alimshika mkono kwa nguvu. "Umesikia? Ni yee."

Chabu alizaliwa ukingo ule. Alijua kwamba Mweru hairudishi sauti, kwa sababu mbele yake hakuna mlima wa kuirudisha, ni maji mpaka macho yanachoka. Na boti za wavuvi huwa hazingurumi namna hiyo. Nywele za shingoni zilimsimama hadi alipofika kwake.

Wiki ya ukaguzi ilipokaribia, Bénie alikwenda Mununga kununua samaki. Chabu akatengeneza sailensa kwa bomba na mabati, akaifunga. Alijiambia ni sheria. Alijiambia pia ni zawadi. La tatu hakujiambia.

Bénie alirudi jioni, akakisukuma kigari ukingoni kama kawaida, akawasha, akakanyaga. Kikaguna kwa upole wa paka aliyeshiba. Akakanyaga tena. Ziwa halikujibu. Akashuka, akainama kutazama chini ya gari.

"Ulifanya nini?"

"Ni sailensa, ba Bénie. Bila hii, fitness hakuna."

"Nilikuambia taa. Nilikuambia honi. Hii nilikuambia?"

"Awe, hapana, lakini..."

"Ulimufunga kinywa! Alikuwa anajibu, Chabu! Ulisikia na masikio yako, na ukamufunga kinywa, juu uko na wivu!"

"Ee, niko na wivu," Chabu alisema. "Na niko naogopa. Kile kinajibu mu mayi, unajua ni nini? Mi sijui. Na we haujui."

"Usiniguse tena. Na motokari yangu usiiguse."

Asubuhi Bénie alipanda boti ya Kilwa na hakuaga mtu. Nasi tuseme kweli: Chabu alikosea. Hata kama una haki, maiti wa mwenzako humnyamazishi bila kumuuliza mwenzako mwenyewe.

Kule Kilwa Bénie alifikia kwa mama mkwe wake, mama mzazi wa Blanchard. Kikongwe alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamvuta karibu na kukifungua kile kitambaa cheusi kwa mikono yake.

"Mutoto yangu," alisema, "mi njo nilimuzala. Nililia, nikanyoa, nikamuachilia aende. Kilio tulisha kukimaliza. We peke yako njo umebakia unamushikilia mu ile mayi. Hausikii baridi yake?"

Bénie alilia siku nzima. Kitambaa alikikunja, akakitia mfukoni, hakukitupa.

Chabu naye hakula vizuri. Alihesabu boti, akagombana na wateja, mwishowe akaenda kwenye duka la Michée, Mkongo mwenye mashine ya phonie, ile redio ya kuitana ng'ambo ya ziwa. Kule Kilwa walituma mtoto akamwite Bénie. Wanaoijua phonie wanajua haina siri: unalosema linasikika dukani huku, linasikika dukani kule, na kwa kila mwenye mashine aliye kati. Ukimaliza unasema à vous, mwenzako ajibu.

"Kilwa, Kilwa, hapa Kashikishi. Bénie, unanisikia? À vous."

"Nakusikia. Bantu bote banakusikia. À vous."

"Basi basikie. Nilikosa. Nilipaswa kukuuliza mbele ya kuifunga. Mukaguzi anafika alhamisi. Ukirudi ukisema nitoe, natoa, na fitness iende na mayi. Nakupenda na sailensa, nakupenda bila sailensa. À vous."

Mashine ikakoroma peke yake kwa muda mrefu. Wanunuzi wa sukari walisimama na vifurushi vyao.

"Chabu. Ulikula? À vous."

Michée akapiga kofi mezani. "Ndugu, uyu alisha kurudia! Lipa ufunge mulango."

Alhamisi bomani magari yalijipanga, na la mwisho lilikuwa jekundu lenye kioo cha saluni. Bénie alifika kutoka bandarini, miguu bado imelowa. Alivaa gauni jeupe, nywele zimesukwa, kichwa kitupu. Chabu alikiona kile kichwa kitupu, akaogopa kukifurahia. Walisimama upande mmoja na mwingine wa gari.

Mkaguzi, Bwana Rodwell, mnene mwenye tai fupi, alijaribu taa, honi, waipa, hendibreki. Alisoma kibao cha nyuma kinachoonya kwamba usukani uko kushoto. Alijitazama kidogo kwenye kioo. Kisha akainama chini ya gari huku akiguna.

"Fundi! Sailensa imeshikwa na boloti mbili tu. Kwa nini hukuichomelea?"

Wote bandarini walijua kwamba Chabu huchomelea kila kitu. Hata sufuria ya jirani iliyotoboka haipiti mlangoni kwake salama. Chabu aliangalia chini.

"Mwenyewe hajaniambia, mukwai. Boloti anaweza kufungua na mukono yake. Nikichoma, imekwisha."

"Ikidondoka njiani itaua mtu. Kesho asubuhi naondoka. Nikiikuta imechomelewa, nasaini. Nisipoikuta, rudini mwakani."

Bénie alikuwa akilitazama lile bomba, na moyo wake ukajaa. Mtu yule alimfunga Blanchard kinywa, ndiyo, lakini alimwachia yeye namna ya kukifungua.

Jua lilipoinama walikuwa ukingoni, kwenye karakana ya Chabu, mtungi wa gesi umewekwa tayari. Bénie alinyoosha mkono.

"Nipe spana."

Alilala mchangani na gauni lake jeupe, akaingia chini ya gari. Bomba lilikuwa la moto bado. Akatoa kitambaa cheusi mfukoni, akakizungushia, akafungua boloti ya kwanza, na ya pili. Alipotoka alikuwa na masizi usoni. Chabu alisimama mbali, kwa sababu safari hii alikuwa amejifunza kungoja.

Bénie akaketi kwenye kiti cha dereva, kile kilichobonyea kwa mgongo wa mtu mwingine. Akawasha. Kigari kikanguruma kama zamani, wavuvi wakageuza vichwa. Akaliangalia ziwa lililomla mume wake.

"Mama yako anakusalimia," alisema. "Nilikupenda, Blanchard. Ningali nakupenda. Lakini maji ya kuoga sitaweka tena."

Akakanyaga mafuta, si mara mbili. Mara moja. Akazima.

Wimbi dogo likaja, likarudi. Halafu ikaja ile sauti, nyembamba, kutoka mbali katikati ya maji. Ikanguruma mara moja. Safari hii haikukatika. Ilibadili gia, ikabadili tena, ikaenda upande wa magharibi ikipungua, ikipungua, mpaka masikio yakabaki yanasikiliza maji tu.

"Umesikia?" Bénie aliuliza, hakugeuka.

"Nimesikia."

"Mara ngapi?"

"Moja."

Ndipo alipolia, kwa sauti, kichwa juu ya usukani, na Chabu akaja na kuweka mkono mgongoni kwake, akauacha hapo. Alipomaliza, alijifuta kwa kiganja, masizi yakasambaa shavuni.

"Choma, Chabu."

"Kweli?"

"Choma ishike. Sitaki ianguke mu njia."

Alichomelea bila haraka, cheche zikirukia mchangani. Kitambaa cheusi kilikuwa karibu na gurudumu, kimeungua ukingo, na hakuna aliyekiokota. Kazi ilipopoa, Bénie aliufungua mlango wa pili kwa ndani.

"Kiti ya samaki iko wazi. Unapanda, ao unangojea nikuite na phonie?"

Chabu akapanda, akafunga mkanda. "Nikituma mushenga Kilwa, mama mukwe wako atamupokea?"

"Atamupokea. Lakini amubebee samaki ya kutosha. Ule mama anakula."

"Kesho anavuka."

"Kesho mbele ya yote twende kwa mukaguzi, cheri."

Aliwasha taa zile za Land Rover, mchanga ukawa mweupe mbele yao. Kigari kikapanda kutoka ukingoni taratibu, kimya, hivi kwamba kwa mara ya kwanza Bénie alisikia vyura. Kwenye kona aliangalia kioo cha saluni, mara moja tu. Kilionyesha ziwa, na juu yake hakukuwa na mtu.