Buluu ya Wageni wa Posa

Jumapili asubuhi, nyumba ikiwa imejaa wageni, choo cha Mzee Chilongani kilisema kwa sauti ya upole, "Mkojo wa buluu umeonekana. Tafadhali mwone daktari."

Kilikuwa choo-pima, chombo cha kawaida katika nyumba za Dodoma ya mwaka 2091. Kilipima kila kilichoingia ndani yake, lakini sheria ilikikataza kumtambua mtumiaji.

Aliyebuni buluu hiyo ni Daktari Nyemo, binti wa Mzee Chilongani. Aliwafundisha bakteria wa tumboni kazi ya upelelezi. Mtu huwanywa ndani ya maziwa mgando, nao hukaa kwenye kuta za utumbo mpana. Wakikuta uvimbe mchanga wa saratani, humwaga kemikali inayopita katika damu na kuutia mkojo rangi. Uvimbe wa namna hiyo huondolewa kwa siku moja. Ukicheleweshwa, huua.

Baba yake alikuwa mmoja wa watu mia moja waliokubali kufanyiwa majaribio. Jumatatu Nyemo alimpima mara tatu. Mkojo wake ulikuwa wa kawaida.

"Choo kimelewa," Mzee alisema.

"Choo hakilewi, baba."

"Basi umelewa wewe."

Nyemo aliingia jikoni. Mama yake, Bi Matika, alikuwa akitikisa kibuyu.

"Onja. Wiki hii yameganda vizuri ajabu."

"Umegandishia nini, mama?"

"Kile kichupa ulichomletea baba yako. Alibakiza kidogo chini. Mbegu nzuri hivyo, niimwage?"

Nyemo aliketi juu ya gunia la mtama. Bakteria wake walitakiwa kufa baada ya siku tatu. Hakuwa amefikiria kibuyu.

"Nani mwingine amekunywa?"

"Wageni wa posa ya mdogo wako. Walilala hapa siku mbili, ulitaka niwape maji?"

Bi Matika na binti yake mdogo walipimwa hapo hapo, wakaonekana salama. Walibaki wageni watano, ambao walikuwa wamesharudi kwao Kongwa.

"Nyamaza mpaka harusi ipite," Mzee alisema. "Tukisema tumewanywesha wakwe wadudu wa maabara, hakuna posa tena."

"Harusi ni baada ya miezi minane, baba. Uvimbe hausubiri."

Nyemo alimpigia simu mshenga, Mzee Mhuvilwa, akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Afadhali umepiga. Choo chenu kilinisema mimi. Nilidhani mmeniroga, ndiyo maana nimewazuia vijana wasilete mahari."

Nyemo alimweleza yote, toka maabara hadi kibuyu. Upande wa pili zikasikika sauti za watu wakinong'onezana.

"Daktari," Mzee Mhuvilwa alisema, "hapa tuko watatu wenye hiyo buluu. Kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake. Sasa mgonjwa ni nani?"

Watatu kati ya watano! Nyemo alijiuliza: je, bakteria walikuwa wamegundua maradhi kweli, au kuzaliana ndani ya kibuyu kuliwasahaulisha walichofundishwa, wakawa wanamwaga rangi ovyo?

"Sijui, mzee. Huenda nyote, huenda hakuna. Lazima niwapime kwa kamera. Nitawafuata kesho."

"Usije peke yako. Mmetunywesha kitu nyumbani kwenu bila kutuambia. Neno la namna hiyo haliletwi na binti, tena kwa simu. Mwenye nyumba yuko wapi?"

Bi Matika alimtazama mumewe. Nyemo naye alimtazama. Mzee Chilongani alitazama sakafu, midomo ikicheza kana kwamba anapanga maneno na kuyapangua.

"Kesho mbali," alisema hatimaye, akainuka. "Matika, nipe koti langu."