Mzigo wa Kurudisha

Jumamosi, saa nane mchana.

Nyuma ya duka la magodoro kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Humo ndimo Daktari alimofanyia upasuaji wake. Hakuwa daktari wa watu, alikuwa daktari wa maboksi. Alilifungua boksi jipya bila kuchana hata ukingo, akatoa kilichomo, akajaza takataka za uzito uleule, akalifunga hata ungeapa halijaguswa.

Siku hiyo mgonjwa hakuwa mmoja. Cherehani za umeme, mpya zinang'aa, zilikuwa zimepangwa ukuta mzima. Pembeni kulikuwa na maboksi yake, na rundo la vyuma chakavu.

Genge lilikuwa la watu watatu. Daktari, mkubwa wao. Shemeji, dereva wa kampuni ya vifurushi, aliyemwoa dada yake Daktari na kwa hiyo akawa shemeji wa genge zima. Na Karani, mwanamke kijana aliyeandika malalamiko. Huyu alikuwa na kipaji, tusimnyime haki yake. Alilalamika kwa sauti ya bibi harusi, kwa sauti ya fundi mzee, kwa sauti ya mama aliyemnunulia binti zawadi, na kila mmoja ukamwonea huruma.

Daktari alieleza mpango huku akipima vyuma kwenye mizani. Cherehani zote zilinunuliwa kwenye duka moja la mtandaoni, kwa majina ya wateja ambao hawajawahi kuzaliwa. Malalamiko yamekwisha kwenda, kwamba cherehani ni mbovu na wateja wanarudisha. Jumatatu Shemeji atapeleka maboksi ya vyuma mlangoni kwa muuzaji. Mashine yake ya kuskani ikilia tu, pesa zinarudi kwa wateja. Muuzaji ana mpaka saa kumi jioni kuweka pingamizi, na pingamizi lisilo na video ya kufungua boksi ni kelele za chura. Akichelewa, imekula kwake.

Shemeji akataka kujua kwa nini mgawo wake ulingane na wa Karani, wakati uso utakaoonekana mlangoni ni wake. Daktari hakuinua kichwa. Alisema bila Karani wasingekuwa na mlango wa kubisha.

Hapo Karani akatazama sakafu.

Muuzaji alikuwa shangazi yake. Ndiye aliyemlea tangu kaka yake, baba wa Karani, alipofariki. Siku moja kwenye soga Karani alisema shangazi hajui kubishana na mteja, hata ukimwambia chumvi yake ni tamu atakuomba radhi. Aliisema kwa mzaha. Shemeji alicheka, Daktari hakucheka. Baadaye alimvuta kando akamwuliza jina la duka, na Karani akalitaja. Hakuna aliyemshikia kisu. Alijidanganya kwamba hasara itabebwa na soko lenyewe la mtandaoni ambamo shangazi aliuzia, lile lina mifuko mirefu. Lakini alijua shangazi aliuza kiwanja chake cha pekee kununua cherehani zile, na alijua soko humfungia muuzaji ambaye mizigo yake inarudi ovyo. Duka likifungwa, shangazi hana kitu kingine duniani.

"Jumatatu kazi yako ni moja," Daktari alimwambia. "Asiguse simu mpaka saa kumi ipite."

"Na akiigusa?"

"Nitajua umechagua upande."

Jumatatu, saa nne asubuhi.

Duka la shangazi lilikuwa sebule yake. Maboksi hadi nyuma ya kochi, mezani mizani ya jikoni na mkasi. Karani alifika mapema na uongo wake tayari: angeshika tumbo, aombe kupelekwa hospitali, wakapange foleni huko mpaka jioni.

Gari likaja. Shemeji akaamkia shikamoo mama kama mgeni, akaanza kushusha. Mashine ikalia, ikalia, ikalia. Shangazi akaitikia marahaba baba, akamletea maji ya baridi kwa kuwa jua lilikuwa kali. Shemeji aliyanywa amemgeuzia mgongo. Alirudisha bilauri bila kumtazama usoni, akaondoa gari kwa kasi.

Karani alikuwa ameshashika tumbo. Kabla hajafungua kinywa, shangazi akamtia simu mkononi.

"Nishikie hii. Wenzangu wafanyabiashara wameniambia mzigo ukirudi usifunguliwe bila video. Chukua boksi pande zote, kisha mizani, kisha mikono yangu. Usikate katikati."

Basi ikawa hivyo. Mwizi akapewa kamera. Angeweza kuziba lenzi kwa kidole gumba, na alifikiria, Mungu ndiye shahidi wake. Lakini mikono ile alikuwa akiipiga picha kwa karibu, mikono iliyomkata kucha utotoni, na kidole kilikataa kwenda.

Boksi la kwanza likafunguka. Suruali kuukuu, ndani yake chuma chenye kutu. La pili, vilevile. La tatu shangazi alilifungua taratibu zaidi, nadhani alikuwa bado anamwombea mteja wake awe na sababu. Lilikuwa vilevile.

Simu ya Karani ikatetemeka mfukoni. Daktari aliuliza, vipi? Akajibu, shwari.

Saa sita mchana.

Shangazi alivaa miwani akaketi kuandika pingamizi. Soko lilitaka aambatanishe malalamiko ya wateja, kwa hiyo akayafungua, akayasoma kwa sauti kama alivyosoma kila kitu. Bibi harusi alisema cherehani imemfedhehesha, kila akishona inakohoa. Fundi mzee alisema tangu aanze kazi hajaona cherehani inayokohoa namna hii. Mama wa binti alisema mtoto amelia, zawadi yake inakohoa.

Shangazi akarudi kwenye neno lile, inakohoa.

Watu wote duniani husema cherehani inaruka mishono. Katika nyumba hii tu ndimo ilimokohoa. Karani alikuwa mtoto mwenye kifua kibovu, na cherehani ya zamani ilipokwama shangazi alimwambia nayo inakohoa kama wewe, tuipe dawa, na dawa ilikuwa mafuta. Neno likabaki kwao wawili. Karani aliliandika kila mahali bila kujishtukia, kwa kuwa halikuwa na mwenzake kichwani mwake. Kujigeuza watu wote wale, kumbe sauti ilikuwa moja!

Alitamani ardhi ipasuke. Alingoja matusi, angeyashukuru.

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaiweka mezani. Kisha akasukuma simu mbali naye.

"Sipeleki," alisema. "Nikipeleka watafuatilia mpaka mwisho."

"Lakini duka, shangazi."

"Duka ni duka."

Akaenda jikoni. Hakulia, au alilia kwa namna isiyosikika.

Saa kumi kasorobo.

Kwa muda wote ule Karani alikaa sebuleni na simu mbele yake. Daktari alikuwa amemwandikia tena, akimsifu. Sifa zile zilimchoma kuliko kofi. Akaivuta simu ya shangazi. Akaambatanisha video zote. Palipoulizwa unamshuku nani, akaandika Daktari, akaandika Shemeji, akaeleza duka la magodoro na chumba cha nyuma. Kidole kikasimama. Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi. Aliitazama nafasi ile kwa kitambo, akaiacha tupu, akatuma. Aliwauza wenzake akajificha nyuma yao, na hakuna jina zuri la kitendo hicho.

Soko liliwajulisha polisi papo hapo, na saa kumi na mbili wale wawili walikamatwa wakipakia cherehani kwenye gari la Shemeji. Shemeji alijaribu kukimbia akaangukia rundo la vyuma, akapasuka paji la uso. Daktari alinyoosha mikono akauliza tu ni nani aliyewauza, akauliza tena.

Jumanne asubuhi mpelelezi alikuja sebuleni. Alikuwa mpole, kachoka. Alisema cherehani zote zimepatikana na duka halitafungwa. Limebaki jambo moja. Malalamiko yameandikwa na mtu mmoja, maana neno moja linajirudia, na wale wawili wanarushiana mpira. Je, mama analijua neno hilo?

Karani alikuwa ameketi miguu mitupu kwenye mkeka. Katika maisha yake hakuwahi kumsikia shangazi akisema uongo, hata ule mdogo wa kumtuliza mtoto.

"Watu wengi husema hivyo," shangazi alisema.

Mpelelezi akaandika. Shangazi alikuwa akitazama ukuta, na shingo yake ilitetemeka.

Karani hakuweza kuistahimili shingo ile.

"Hawasemi," alisema. "Ni sisi tu. Niliandika mimi."

Mpelelezi akasimama, akatoa pingu. Shangazi naye akasimama, akapita katikati yao, akainama kutafuta chini ya kochi.

"Ngoja kidogo, baba," alimwambia. "Mwanangu hajavaa viatu."