Sikio la Kutokea

Cherehani ilikuwa inakimbia, lakini fundi mwenyewe hakuisikia. Aliihisi kwa vidole tu. Kifaa chake cha kusikia kilikuwa ndani ya kopo la vifungo, kimefungwa kwa kitambaa safi.

Madaktari walikuwa wamempasua, wakampandikizia sehemu moja ya kifaa ndani ya sikio. Sehemu ya pili alipaswa kuivaa nje, nyuma ya sikio. Yeye aliivaa siku za kutoka tu, kama viatu vizuri. Na kila alipoivaa alisikia makelele matupu, akarudi nyumbani kichwa kinamgonga. Alikuwa amechoka, amechoka hasa.

Mteja akiingia, binti wa fundi alimsikiliza, kisha akamwandikia mama yake. Sasa binti alikuwa amepata kazi mji mwingine. Akiondoka, nani atapokea wateja? Fundi aliona duka linafungwa hivi hivi.

"Nipeleke kliniki nikawarudishie kitu chao," alisema.

Kliniki walimkuta mtaalamu wa usikivu, dada mmoja mcheshi. Alizungumza polepole, na binti akaandika yaliyompita mama.

"Mama, unakivaa wakati gani?"

"Nikiwa na safari. Sitaki kichakae."

Mtaalamu akacheka. "Fundi wewe! Ulijifunza kushona cherehani ikiwa imefunikwa?"

Fundi naye akacheka, bila kupenda.

"Ubongo wako bado haujazijua sauti hizi mpya," mtaalamu alieleza. "Unajifunza kwa kuzisikia. Kivae kutwa, ukivue wakati wa kulala na kuoga. Wengine huzoea upesi, wengine huhitaji msaada zaidi. Si kosa lako, mama."

Akakiunganisha kifaa na kompyuta, akapunguza sauti zilizomkera. Kisha akamgeukia binti.

"Usikimbilie kuandika. Zima redio, kaa mbele yake, sema bila kupayuka. Asipoelewa, tumia maneno mengine. Akipata maumivu au sauti zikiharibika, mrudishe mara moja."

Binti akainamisha kichwa. "Kumbe nilidhani namsaidia."

Kila jioni binti alisoma kwa sauti, mama akarudia. Alikosea, akanuna. "Niache, nimechoka!"

"Pumzika, mama. Tutaendelea."

Walirudi kliniki tena na tena, kifaa kikarekebishwa. Haba na haba hujaza kibaba. Kwanza aliitambua cherehani yake. Baadaye, kelele zikaanza kuwa maneno.

Siku chache kabla ya safari ya binti, mteja aliingia na gauni. Binti akainuka, kalamu mkononi.

"Kaa," mama alimwambia. Akamtazama mteja. "Sema taratibu, ndugu yangu. Nakusikiliza mimi."

Mteja alitaka kiuno kipunguzwe na mikono irefushwe. Fundi aliomba arudie mara moja, kisha akayasema yote jinsi yalivyo. Mteja alipotoka, fundi aliketi, akajifuta jasho. Kusikiliza bado kulimchosha. Binti alikuwa analia.

"Nenda kazini kwako, mwanangu," mama alisema. "Kopo lile sasa ni la vifungo tu."